Majina ya Miti Katika Ziara ya Familia: Somo la Lugha Kutoka Kitengela na Kajiado Hadi Bustani za Mimea za Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ziara ya familia katika bustani ya mimea ya mjini kama tukio la lugha. Mfano unaotumika ni wa familia inayoishi Kitengela na iliyo na mzee wake Kajiado, ambayo inapanga kutembelea bustani za Nairobi. Hoja kuu ni kwamba ziara ya namna hii huwakutanisha watu wa vizazi vitatu mbele ya mti mmoja, na kila kizazi kikawa na lugha yake ya kuutaja mti huo. Iwapo Kiswahili hakitaandaliwa kuwa daraja baina yao, jina analolijua mzee halitamfikia mjukuu. Makala yanaanza na masuala ya maandalizi, yanachambua mazungumzo ya kupanga safari, kisha yanajadili majina ya miti katika Kiswahili, Kimaasai na sayansi. Mwishoni yanapendekeza utaratibu ambao wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuufuata.

1.0 Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anapotafuta mada ya utafiti huelekea kwenye riwaya, ushairi, nyimbo au mazungumzo ya sokoni. Ni nadra kumwona akielekea bustanini. Hata hivyo, bustani ya mimea ni mahali palipojaa majina, na palipo na majina pana kazi ya mwanaisimu. Kila mti uliomo umetajwa na mtu fulani, kwa lugha fulani, kwa sababu fulani.

Afrika Mashariki si ngeni katika mambo ya bustani za aina hii. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893, ile ya Entebbe mwaka 1898, na kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902. Bustani hizo zilianzishwa na tawala za kikoloni kwa madhumuni ya kujaribu mimea yenye faida ya kiuchumi. Bustani ya miti ya Nairobi, maarufu kama Arboretum, nayo ilianza mwaka 1907 kwa lengo lililofanana na hayo, yaani kujaribu miti ya kigeni ambayo ingetoa kuni za kuendeshea magari ya moshi ya reli ya Uganda. Kwa hiyo tangu mwanzo bustani hizi zilikuwa mahali ambapo miti ya mbali ililetwa, ikapandwa na kupewa vibao. Mwenyeji aliyeijua miti ya kwao hakuwa msomaji aliyekusudiwa.

Leo msomaji amebadilika. Wanaoingia bustanini ni wanafunzi, wachumba, wakimbiaji wa asubuhi na familia zinazotafuta kivuli mwishoni mwa juma. Swali linalojitokeza ni je, lugha ya bustani imebadilika pamoja na msomaji wake?

2.0 Kitengela na Kajiado: Mandhari ya Tatizo

Kitengela ni mji ulioko yapata kilomita thelathini kusini mwa Nairobi, kando ya barabara iendayo Namanga. Mji huu umekua kwa kasi kubwa. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa ulikuwa na wakazi takriban 58,000. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya 150,000. Wengi wao ni watu waliohamia kutoka sehemu mbalimbali za Kenya kwa ajili ya kazi, biashara na viwanja vya bei nafuu. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, na kwa vijana, Sheng.

Ardhi ambayo juu yake nyumba hizo zimejengwa ilikuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya wanyamapori kati ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na nyanda za Athi na Kapiti. Mnamo mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola nne kwa ekari kila mwaka ili wasiizungushie ua. Mpango huo ulisaidia kwa kiasi fulani, lakini mgawanyo wa viwanja uliendelea. Udongo mweusi, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha, ndio uliokuwa makao ya mgunga mfupi wenye vinundu vinavyokaliwa na chungu, ambao Wamaasai huuita eluai. Mtoto anayezaliwa leo katika ploti ya Kitengela huenda akaujua ukuta wa mawe na bomba la maji kabla ya kuujua mti huo.

Kwa upande wa pili uko mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti. Huko na katika vijiji vinavyouzunguka wamo wazee ambao bado wanaweza kutembea nyikani na kutaja kila mti wanaoupita. Kati ya mzee huyo na mjukuu wa Kitengela pana umbali wa kilomita hamsini hivi kwa barabara. Umbali wa lugha ni mkubwa zaidi. Mjukuu anaelewa Kimaasai kidogo au haelewi kabisa. Mzee anazungumza Kiswahili, lakini Kiswahili chake hakina majina ya miti anayoijua, kwa kuwa aliijifunza miti hiyo kwa lugha nyingine.

3.0 Maandalizi ya Ziara

Familia inayotoka Kitengela kwenda Nairobi ina mahali pawili pa kufikiria. Pa kwanza ni Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu, yenye ukubwa wa hekta thelathini hivi na zaidi ya spishi 350 za miti. Inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Hapa familia hupata nafasi kubwa ya kutembea, kukaa na kula. Pa pili ni Bustani ya Mimea ya Nairobi, iliyoko katika viwanja vya Makumbusho ya Taifa, karibu na bustani ya nyoka. Pana faida ya kuwa eneo la mimea ni dogo na mzee hatachoka, tena mvua ikinyesha familia inaweza kuingia ndani ya makumbusho.

Njia ni moja kwa sehemu kubwa ya safari: kutoka Kitengela kupitia Athi River na Mlolongo hadi barabara ya Mombasa. Wenye gari wanaweza kutumia barabara ya juu ya kulipia, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ambayo inatoka Mlolongo hadi Westlands na ina mahali pa kutokea karibu na makumbusho. Wanaosafiri kwa matatu hushuka katikati ya jiji na kuunganisha. Mzee anayetoka Kajiado ni vyema afike Kitengela jioni ya kuamkia siku ya safari, apumzike, ili asiunganishe safari mbili ndefu kwa siku moja.

Kuhusu wakati, miezi ya mvua za masika na vuli ina matope, ijapokuwa ndiyo miezi ya kijani kibichi. Yapata Oktoba mijakaranda ya Nairobi huchanua, na njia za bustani hutandikwa maua ya zambarau.

Kuhusu vitu vya kubeba, familia ikumbuke kwamba mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji na vyombo vingine vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Maji yabebwe katika chupa ya kudumu, na chakula katika bakuli lenye kifuniko. Kifuniko kina sababu nyingine pia: tumbili wa Nairobi hawasubiri kukaribishwa. Ada ya kiingilio ithibitishwe kabla ya siku yenyewe, pamoja na njia ya kuilipa, kwani taasisi za umma nchini Kenya zimehamia malipo ya simu na mtandao. Hatimaye, ubebwe daftari na kalamu. Matumizi yake yataelezwa katika sehemu ya saba.

4.0 Mazungumzo ya Kupanga: Matini na Uchambuzi

Matini ifuatayo imebuniwa kwa madhumuni ya somo hili. Wahusika ni mama na baba wanaoishi Kitengela, mtoto wao wa darasa la tano, na nyanya aliyetoka Kajiado kuwatembelea. Katika familia nyingi za Wamaasai mama huitwa Yeyo na nyanya huitwa Kokoo, hata mazungumzo yakiwa ya Kiswahili. Mtoto ameshainamisha kichwa, nyanya akamgusa utosini, na salamu zimekwisha.

Mama: Yeyo, Jumamosi ijayo tungependa twende wote Nairobi, tukaitazame bustani ya miti. Watoto wamefunga shule.

Nyanya: Miti? Mwanangu, nisafiri kutoka Kajiado mpaka mjini kwenda kutazama miti? Miti nimeiacha nyumbani.

Baba: Ni kweli, Yeyo. Lakini huko ipo miti iliyotoka kila upande, na kila mti umeandikwa jina lake.

Nyanya: Umeandikwa na nani?

Baba: Na wataalamu.

Nyanya: Kwa lugha gani?

Mtoto: Kwa Kiingereza, Kokoo. Na nyingine ambayo mwalimu alisema ni Kilatini.

Nyanya: Basi mimi nitakuwa mgeni wa miti niliyokua nayo.

Mama: La, Yeyo. Wewe ndiwe utakayetusomea ile isiyo na kibao.

Nyanya: Haya. Nikija Ijumaa jioni nitalala kwenu. Lakini tuondoke mapema. Jua likiwa kali miguu yangu hainisikii.

Baba: Tukiondoka saa kumi na mbili na nusu, saa tatu hazitatukuta njiani.

Mtoto: Kokoo, nitakushika mkono. Nawe utaniambia majina.

Matini hii ina mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza ni adabu katika sarufi. Mama hasemi "tunataka uende", bali "tungependa twende wote". Kiambishi -nge- hapa hakielezi sharti lisilotimia. Kinapunguza uzito wa ombi mbele ya mkwe. Nafsi ya kwanza wingi inamjumuisha nyanya katika uamuzi kabla hajakubali. Nyanya anapokubali, hutumia hali ya dhamira tegemezi: "tuondoke mapema". Kutoka kuombwa, amekuwa mwenye kuelekeza safari. Mabadiliko ya nafasi yake katika mazungumzo yanaonekana katika kitenzi kimoja.

Pili ni matumizi ya -ki- katika kupanga. "Nikija", "jua likiwa kali" na "tukiondoka" ni masharti yanayowezekana, na ndiyo uti wa mgongo wa lugha ya mipango. Mwalimu anayefundisha hali ya masharti atapata katika upangaji wa safari mifano ya asili kuliko sentensi za ubaoni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kauli ya kutendwa. Baba anasema mti "umeandikwa jina lake". Kauli ya kutendwa inaweza kumficha mtenda, na hapa mtenda amefichwa kana kwamba jina limejiandika. Nyanya analiona pengo hilo papo hapo na kuuliza: "Umeandikwa na nani?" Swali lake la pili, "Kwa lugha gani?", linafuata bila kusita. Bila kusoma nadharia yoyote ya isimujamii, mzee huyu ameuliza maswali mawili ambayo utafiti wa lugha katika maeneo ya umma huanzia kwayo. Kauli yake kwamba atakuwa "mgeni wa miti niliyokua nayo" ndiyo gharama ya jibu alilopewa.

5.0 Mikoko ya Mwambao, Migunga ya Nyika

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya miti. Dai hilo halisimami likipimwa kwa mifano. Tuchukue miti inayoota katika maji ya chumvi. Anayeitazama kwa mbali huiita mikoko, lakini Mswahili wa Lamu au Pemba aliyeishi kwa kukata boriti, kujenga majahazi na kuvua kaa hutofautisha mkoko wenyewe na mkandaa, mchu, mlilana, muia na mkomafi. Kila jina lina mti wake, mbao zake na kazi yake.

Sasa tuchukue nyika. Mti wenye miiba unaotawala nyanda za Kajiado huitwa mgunga katika Kiswahili, na jina hilo hilo hubebeshwa spishi nyingi. Mmaasai haoni mti mmoja hapo. Kwake kuna oltepesi, wenye kilele kilichotandazwa kama mwavuli. Kuna olerai, wenye gome la manjano uotao karibu na maji. Kuna olkiloriti, ambao gome lake huchemshwa katika supu. Kuna oiti, wenye miiba iliyopinda. Na kuna eluai wa udongo mweusi. Mfugaji ambaye mbuzi wake hula maganda ya mti mmoja na kuumizwa na miiba ya mwingine hawezi kuridhika na neno moja.

Mifano hii miwili inaonyesha kanuni ileile. Lugha hutofautisha kwa makini kile ambacho wasemaji wake hukiishi. Kiswahili kilizaliwa mwambao, kikaenda bara kama lugha ya biashara, dini, shule na utawala. Kilipofika Kajiado hakikufika na mbuzi. Kwa hiyo upungufu wa majina ya miti ya nyika si kasoro ya lugha. Ni alama ya historia yake, na historia bado inaendelea kuandikwa.

Tatizo linaongezeka katika kamusi. Mara nyingi mwanafunzi akilitafuta jina la mti katika kamusi ya Kiswahili hupata maelezo kama "aina ya mti" au "mti wenye miiba". Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayamwezeshi mtu kuutambua mti huo akiwa amesimama mbele yake. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika majina ya miti, hata anayeuliza maana hajibiwi. Yapo machapisho ya wataalamu wa mimea yanayoweza kusaidia, kama vile kitabu cha Henk Beentje cha mwaka 1994 kuhusu miti na vichaka vya Kenya, ambacho kimeorodhesha majina ya lugha nyingi za nchi hii. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na hakijawa sehemu ya masomo ya Kiswahili.

6.0 Jina la Kisayansi na Mipaka Yake

Huenda msomaji akauliza: kwa nini jina la kisayansi lisitoshe? Mfumo wa majina mawili uliowekwa na Linnaeus katika kitabu chake cha mwaka 1753 una manufaa makubwa. Mtafiti wa Nairobi na wa São Paulo wakitaja Tamarindus indica, wote wanajua ni mkwaju unaozungumziwa. Makala haya hayapingi mfumo huo. Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo mwanafunzi wa lugha anapaswa kuyajua.

La kwanza ni kwamba jina la kisayansi nalo hubadilika. Kwa miaka mingi migunga yote iliitwa Acacia. Mkutano wa kimataifa wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua kwamba jina hilo libaki na miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika majina mengine, hasa Vachellia na Senegalia. Kwa hiyo kibao cha zamani kinaweza kusema Acacia tortilis na kipya Vachellia tortilis, ilhali mti ni uleule. Jina oltepesi halikuguswa na mkutano wowote. Nyanya wa Kajiado hakuhitaji kubadilisha kibao chake.

La pili ni kwamba lugha za Afrika si wageni kabisa katika majina ya kisayansi. Uko mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ambao maua yake yenye harufu nzuri huitwa kilua, na wanawake wa mwambao huyatumia kwa mapambo na manukato. Mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt aliuchapishia jina la kisayansi: Mkilua fragrans. Neno la Kiswahili, pamoja na kiambishi chake cha ngeli, likawa jina la jenasi nzima. Tena, hadi mwisho wa mwaka 2011 ilikuwa lazima maelezo ya spishi mpya yaandikwe kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 yanaweza kuandikwa kwa Kilatini au Kiingereza. Mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa, lakini lugha moja tu ndiyo iliyoingia.

Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na inaitaka dola ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi. Kifungu cha 11 kinatambua nafasi ya sayansi na teknolojia asilia. Kibao chenye jina la kisayansi, la Kiswahili na la lugha ya mahali mti ulikotoka kingetimiza vifungu hivyo viwili kwa mistari mitatu.

7.0 Kuliingiza Jina la Kimaasai Katika Kiswahili

Ikiwa Kiswahili kinahitaji majina ya miti ya nyika, kitayapata wapi? Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kutafsiri sifa, kwa mfano "mgunga wa manjano" au "mgunga mwavuli". Njia hii inaeleweka haraka, lakini huzaa majina marefu ambayo watu hawayatumii. Ya pili ni kuswahilisha jina la kisayansi au la kigeni, kama ilivyofanyika kwa mjakaranda na mkaratusi. Ya tatu ni kukopa kutoka lugha ya jirani inayoujua mti huo.

Njia ya tatu ina mantiki ya kimofolojia. Katika Kimaasai nomino hutanguliwa na kiambishi cha jinsia: ol- kwa jinsia ya kiume umoja na il- kwa wingi wake, en- kwa jinsia ya kike umoja na in- kwa wingi wake. Jinsia hiyo aghalabu huashiria pia ukubwa na udogo, kama vile Kiswahili kinavyosema jiti na kijiti. Kiswahili kwa upande wake huiweka miti katika ngeli ya M-MI, na ngeli hiyo hupokea wageni kwa urahisi: arobaini ilizaa mwarobaini, kwa imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Kwa kanuni hiyo, oltepesi ungeweza kudondosha ol- na kuchukua m-: mtepesi, mitepesi. Olerai ungekuwa mlerai, na olkiloriti ukawa mkiloriti.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba kudondosha kiambishi ni kuliharibu jina. Lakini udondoshaji huo tayari umefanyika bila mpango wa mwanaisimu yeyote. Jina Kajiado lenyewe linatokana na Olkejuado, yaani mto mrefu, na baraza la zamani la wilaya liliendelea kuitwa Olkejuado kwa miaka mingi. Loitokitok nako ni Oloitokitok. Wasemaji wenyewe wameonyesha njia. Kinachobaki ni wataalamu kuifuata kwa uangalifu, na kwa kuwauliza wenye lugha.

Uangalifu huo unaihusu pia familia iliyo bustanini. Daftari lililotajwa awali ligawanywe katika safu tano: jina lililo kibaoni, jina la Kiswahili, jina la Kimaasai au la lugha nyingine ya familia, maelezo ya mti kwa macho (gome, jani, ua, tunda), na jina la aliyetoa maelezo. Safu ya tano ni ya heshima. Inamtaja mtenda ambaye kauli ya kutendwa ilimficha. Mtoto aandike mwenyewe, kwa Kiswahili chake, naye nyanya asikilizwe bila kukatizwa. Mbele ya osokonoi, ambao gome lake kali hutafunwa kwa kikohozi, au mbele ya oloirien, ambao vijiti vyake hutumiwa kusafishia vibuyu vya maziwa, nyanya atakuwa na mengi ya kusema kuliko kibao. Hata hivyo, si kila analolijua mzee ni la kuandikwa. Maarifa ya tiba na ya ibada, kama yale yanayouhusu mtini mtakatifu uitwao oreteti, yaandikwe kwa idhini yake tu. Wala hakuna jani, gome au mbegu ya kuchuma bustanini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupanga ziara ya bustani ya mimea ni zaidi ya kupanga nauli na chakula. Ni kupanga nani atazungumza, kwa lugha gani, na nani atasikiliza. Kitengela inaendelea kujengwa, na wazee wa Kajiado wanaendelea kupungua. Hakuna kati ya mambo hayo mawili linaloweza kuzuiwa na chama cha wanafunzi. Lakini jina la mti linahitaji mtu wa kulitamka na mtu wa kulipokea, na hilo linawezekana kwa siku moja ya Jumamosi, mzee na mtoto wakishikana mikono, na Kiswahili kikiwa kati yao kama mkalimani mwaminifu.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuanza na hatua ndogo: kila mwanafunzi akusanye majina kumi ya miti ya kwao kutoka kwa mzee mmoja, ayaeleze kwa Kiswahili kinachomwezesha msomaji kuutambua mti, na kuyafikisha kwa wasimamizi wa bustani na watunga kamusi. Majina kumi ni machache, lakini madaftari mia moja yana majina elfu moja.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza tofauti ya matumizi ya -nge- katika "tungependa twende wote" na katika sentensi ya masharti ya kawaida.

2. "Kauli ya kutendwa humficha mtenda." Jadili dai hili ukirejelea vibao vitatu vya umma ulivyoviona katika mji unaoishi.

3. Chagua mti mmoja unaojulikana katika lugha yako ya kwanza lakini usio na jina mahususi katika Kiswahili. Pendekeza jina kwa kila mojawapo ya njia tatu zilizojadiliwa, kisha utetee lile unaloliona linafaa.

4. Andika fasili ya kamusi ya mgunga, mkwaju au mbuyu bila kutumia maneno "aina ya mti".